Tarehe Mbili za Mpishi Mmoja

Kazi aliipata, na sasa yuko Nairobi anakanda unga kabla ya adhana ya alfajiri. Naanza na hilo ili tuzisome karatasi zake kwa utulivu, maana kisa hiki chote kiko kwenye karatasi.

Mhusika ni dada mmoja, mpishi wa keki na mikate, mzaliwa wa Malindi, mtaa wa Shella. Ameniruhusu nieleze yaliyompata mradi nisimtaje yeye wala waajiri wake. Mimi nimekaa miaka mingi katika ofisi za wafanyakazi za hoteli za pwani hii, upande wa wanaouliza maswali. Siku hizi naketi na wanaoulizwa, na nakiri huku ndiko kwenye kazi kubwa zaidi.

Mwaka 2024 alikuwa amepita mahojiano mawili na jaribio la jikoni katika hoteli ya Nairobi iliyo chini ya kampuni ya kimataifa. Barua ya ofa ilishakuja, ila ilikuwa na kifungu ambacho wengi hukiruka: ajira itathibitishwa baada ya uhakiki kukamilika, yaani kukaguliwa kama wasifu na vyeti vyake ni vya kweli. Akajaza fomu ya kampuni ya uhakiki, akatia saini ya ridhaa, akaanza kuuliza bei za vyumba Nairobi. Wiki ya pili ikaingia barua pepe. Wasifu walioupokea kwa wakala wa ajira aliyempeleka kwao ulisema alifanya kazi katika hoteli yake ya zamani ya Malindi hadi Agosti 2021. Fomu aliyoijaza kwa mkono wake ilisema Machi 2020. Atoe maelezo na ushahidi kabla ya Ijumaa.

Alinijia na bahasha ya kaki iliyojaa hadi mdomo haufungi.

“Dada, wallahi mimi sijadanganya.”

“Najua. Sasa hiyo Agosti imetoka wapi?”

Akafungua simu. CV aliyomtumia wakala ilisema Machi 2020, na chini yake kulikuwa na mstari mmoja: tangu hapo alipika nyumbani kwa oda, keki za harusi na vitafunio, hadi alipoajiriwa na mkahawa wa Watamu Septemba 2021. CV iliyofika Nairobi ilikuwa na nembo ya wakala juu, mpangilio mzuri zaidi kuliko wake, na mstari wa oda za nyumbani haumo. Hoteli ya Malindi ilikuwa imerefushwa hadi ikakutana na mkahawa wa Watamu. Pengo la mwaka mmoja na nusu lilikuwa limepakwa chokaa likatoweka.

Kabla ya kumlaani wakala, tuelewe anaishi vipi. Wakala wa ajira anayefanya kazi kihalali hulipwa na mwajiri. Mara nyingi malipo yake ni asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza, au mshahara wa mwezi mmoja, na hayapati mpaka mtu aajiriwe. Mikataba mingi inamtaka pia alete mtu mwingine bure iwapo aliyemleta ataondoka katika miezi ya mwanzo. Mteja wake ni hoteli, na wewe mpishi ndiye bidhaa aliyoipanga mezani. Hilo halimfanyi mtu mbaya. Mawakala wazuri wapo, na wanajua nafasi ambazo hazitangazwi popote. Lakini ukilishika hilo, hutashangaa kwa nini wakala hapendi pengo: pengo linaleta swali, swali linachelewesha ajira, na ajira ikichelewa naye hajala. Wakala huyu wa dada, wa Mombasa, alikuwa na leseni, alikuwa na ofisi yenye mlango na risiti, na hakumwomba dada huyu hata shilingi. Kosa lake ni kugusa tarehe.

Kabla yake palikuwa na mwingine, wa kwenye kundi la WhatsApp, aliyetaka shilingi 6,500 za “kufanyiwa uhakiki” zitumwe kwa namba ya simu yenye jina la mtu binafsi. Hapo dada alistuka mwenyewe, na sina haja ya kurefusha. Gharama ya uhakiki ni ya mwajiri anayeutaka. Vyeti vya serikali unavilipia wewe, ndani ya akaunti yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husajili mawakala binafsi na kuweka orodha yao hadharani. Itazame orodha, kisha ulinganishe jina la kampuni iliyosajiliwa na jina linalopokea pesa. Pia, tangu sheria ya ajira ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya kuidhinishwa, kama cha polisi, cha kodi au cha mikopo, ila pale anapokusudia kukupa mkataba. Kwa hiyo tangazo linalosema “leta vyeti vyote ndipo tupokee ombi lako” linakwenda kinyume cha sheria hata kama limegongwa muhuri.

Jambo moja zaidi kuhusu mawakala, halafu niwaache. Nikiwa upande wa pili wa meza nimeona CV ya mtu mmoja ikiletwa na mawakala wawili kwa nafasi ile ile. Kila mmoja anadai kamisheni ni yake. Bosi hakai kuamua kesi hiyo; anamchukua mwombaji wa tatu. Ndiyo maana wakala aambiwe mapema, kwa maandishi: nitajie mwajiri kabla hujampelekea jina langu, na unitumie nakala ya CV kama itakavyopelekwa. Dada wetu aliomba la kwanza. La pili hakulijua, na ndilo lililomponza.

Sasa tufungue bahasha.

Watu wengi hudhani uhakiki ni kuchimbua siri. Wanajiuliza: watajua kwamba niligombana na meneja? Watajua nilikaa bila kazi? Ninavyoijua shughuli hii, anayehakiki hana hamu na siri zako. Yuko mbele ya kompyuta na majina mengi ya kumaliza, na anachofanya ni kulinganisha safu na safu. Tarehe ya CV na tarehe ya fomu. Jina la kitambulisho na jina la cheti. Cheo ulichotaja na cheo atakachosomewa kwenye simu. Zikipatana anatia alama na kusonga mbele. Zisipopatana anaandika “haikuthibitishwa”, na neno hilo, kwa meneja anayelisoma haraka, linanuka uongo hata pale ambapo hakuna aliyedanganya. Ndiyo kusema dada huyu alikuwa hatarini kwa sababu ya mwaka mmoja na nusu wa kazi halali ya mikono yake, iliyofichwa na mtu aliyedhani anamsaidia.

Karatasi ya kwanza tuliyoitaka ilikuwa taarifa ya michango ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Kwa mfanyakazi wa hoteli wa Malindi naiona kuwa karatasi yenye thamani kuliko barua yoyote ya sifa, kwa sababu hakuiandika yeye, hakuiandika rafiki yake, na ina mwezi kwa mwezi. Tuliipakua kutoka kwenye akaunti yake, tukaichapisha kwenye saiba, tukaitandaza sakafuni.

Ilianza Julai 2013. Mstari baada ya mstari: 400, 400, 400. Miaka ile mfanyakazi alikatwa 200 na mwajiri akaongeza 200, hadi viwango vipya vilipoanza kutumika Februari 2023. Halafu Mei 2014, hakuna kitu. Juni 2014, hakuna. Julai, 400 tena. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Mtu wa Malindi haulizi hapo: masika yakiingia, ndege za Wataliano zinakatika, hoteli inafunga malango, wafanyakazi wa mkataba wa msimu wanarudi nyumbani hadi Julai. Lakini anayehakiki ameketi Nairobi, na pengine hajawahi kuiona Malindi ya Mei, mitaa mitupu na viti vya ufukweni vimepangwa juu ya vingine. Yeye anaona mtu aliyeacha kazi mara sita na kurudishwa mara sita.

Hapa palikuwa na kasoro ambayo hata wakala hakuigusa. CV ya dada mwenyewe ilisema “2013 hadi 2020” kwa mstari mmoja ulionyooka. Si uongo, ndivyo sote tunavyosema. Lakini karatasi haisemi hivyo, na karatasi ndiyo itakayoaminiwa. Tukaandika upya: Julai 2013 hadi Machi 2020, mikataba ya msimu, hoteli ikifungwa Mei na Juni kila mwaka. Maneno machache yaliyogeuza mapengo sita yakawa utaratibu wa kazi.

Kidole kikafika 2017. Oktoba na Novemba tupu.

“Hapa ulikuwa wapi?”

“Hapo hapo kazini! Mwaka ule wa uchaguzi mara mbili. Wageni walikuwa wachache, lakini tulipika.”

Akachomoa kutoka kwenye bahasha hati za mshahara za miezi hiyo miwili, zimekunjwa mara nne, zina alama ya mafuta pembeni. Makato ya NSSF: 200. Walimkata na hawakupeleka. Hilo ni dai lake dhidi ya mwajiri yule na lina njia yake, lakini kwa kazi tuliyokuwa nayo siku ile, hati hizo mbili zilikuwa lulu. Nilimpigia picha kila moja papo hapo. Wino wa mashine za zamani unafifia, na nimeona watu wakileta karatasi nyeupe wakiapa kwamba zamani ziliandikwa.

Mstari wa mwisho wa hoteli ile ulikuwa Machi 2020. Unalingana na historia ambayo kila mtu hapa anaikumbuka: Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa usiku wa tarehe 25 Machi 2020 na hazikurudi hadi tarehe 1 Agosti. Kwa mji unaokula kwa Mtaliano, hiyo ilikuwa ni kufungwa kwa jiko. Hoteli yake haikufunguka tena. Kisha taarifa inanyamaza hadi Septemba 2021, mkahawa wa Watamu unapoanza kuchangia. Ukiiweka taarifa hiyo kando ya CV ya wakala, uongo unajionyesha wenyewe. Na haikuwa hiyo peke yake. Ritani yake ya kodi ya mwaka 2021 ilionyesha fomu ya P9, ile ya mwajiri inayotaja mshahara na kodi ya mwaka, ya mwajiri mmoja tu, wa Watamu, kuanzia Septemba. Serikali ilikuwa na tarehe sahihi sehemu mbili.

Ile miezi ya oda za nyumbani je? Dada alikuwa akiiona aibu. Alidhani mpishi wa hoteli kuuza mahamri na keki za harusi kutoka jikoni kwa mamake ni kushuka, na nadhani ndiyo maana wakala alipoufuta mstari ule hakupata upinzani mkubwa moyoni. Mimi naliona kinyume. Taarifa ya M-Pesa ya kipindi hicho, ambayo tuliiomba Safaricom, ilionyesha malipo madogo madogo kila Alhamisi na Ijumaa, na makubwa kila msimu wa harusi. Mtu aliyepoteza kazi kwa janga la dunia nzima akajiajiri wiki chache baadaye ndiye ningemtaka jikoni kwangu. Mstari huo tukaurudisha, safari hii na maelezo yake: oda za wastani kwa wiki, keki ya ngazi nne aliyowahi kuisafirisha hadi Kilifi kwa gari.

Kulikuwa na shida ya majina, ambayo kwetu pwani ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Tuseme jina lake ni Khadija. Kitambulisho kinasema Khadija. Cheti cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kinasema Hadija, kwa sababu mwalimu aliyejaza fomu ya usajili aliandika alivyosikia. Cheti cha chuo kina jina la babu mahali pa jina la baba, kwa kuwa nyumbani kwao mtu huitwa kwa baba na babu na mpangilio haumshughulishi yeyote hadi siku ya ofisi. Jamaa zetu Wagiriama wanayajua haya vilevile, cheti kimoja kina jina la ubatizo na kingine hakina. Anayehakiki akituma swali KNEC, baraza la mitihani, au chuoni kwa jina la kitambulisho, anajibiwa hakuna mtu kama huyo. Si kwamba cheti ni bandia, lakini siku hizi hakuna anayecheka na jambo hilo: mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wake ulikuta zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi katika taasisi za serikali, na tangu hapo waajiri binafsi nao wamekaza kamba.

Dawa yake haikuwa kubadili jina. Alikwenda kwa wakili karibu na mahakama ya Malindi, akala kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote matatu, yakiandikwa kama yalivyo herufi kwa herufi katika kila cheti, ni ya mtu mmoja, na nakala za vyeti hivyo zikaambatishwa na kugongwa muhuri. Angekuwa anataka kuliacha jina moja na kuchukua jingine kisheria, hapo ingekuwa njia ndefu ya hati ya kubadili jina na tangazo katika Gazeti Rasmi. Kwa tofauti ya herufi na mpangilio, kiapo kilitosha. Kosa ambalo nimeliona kwa wengine ni kiapo kinachosema tu “majina yangu hutofautiana” bila kuyaorodhesha. Hicho hakimsaidii anayelinganisha safu na safu.

Cheti cha tabia njema cha polisi kilimpa usumbufu wa aina yake. Utaratibu ni rahisi ukisimuliwa: unaomba kupitia eCitizen, unalipa (ada kwa miaka mingi imekuwa shilingi 1,050), unachapisha fomu ya C24, unapeleka vidole kuchukuliwa alama, kisha unasubiri cheti kipakuliwe. Wasichokuambia ni kwamba mpishi wa miaka kumi hana vidole kama vya karani. Ofisa alimshika kidole gumba cha kulia, akakiviringisha kwenye wino, akakiviringisha kwenye fomu, akatazama, akatikisa kichwa. Trei za moto na sabuni kali za jikoni zilikuwa zimelainisha ngozi hadi mistari imekufa. Akaambiwa apumzishe mikono, apake mafuta usiku, arudi. Alirudi na safari ya pili ikakubali. Wavuvi na wachonga mawe ya matumbawe wanaijua safari hiyo. Kwa hiyo mtu wa kazi za mikono asisubiri barua ya ofa ndipo aanze.

CRB, yaani ripoti ya mikopo yako, nitaigusa kwa ufupi, na kwa hasira kidogo. Sioni mkopo wa simu wa mpishi unahusiana vipi na unga wake. Mwenye kushika sanduku la pesa, sawa. Lakini waajiri wameiweka kwenye fomu na fomu ndiyo hiyo. Sheria inakupa ripoti moja bure kila mwaka kutoka kwa kila kampuni ya taarifa za mikopo, na wakati huo Kenya zilikuwa tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Tuliziomba kabla hawajaziomba wao. Tulikuta deni la simu la mwaka wa korona, shilingi 3,400, ambalo alikuwa amelisahau. Lingekuwa chini ya 1,000 lisingefika huko, kwa kanuni iliyowekwa na Benki Kuu mwaka 2020. Akalipa, akamwandikia mkopeshaji asasishe rekodi, akahifadhi ujumbe wa malipo. Rekodi ya kuchelewa haifutiki siku hiyo, ila sasa inasomeka kuwa deni limelipwa, na hilo ndilo linalotazamwa.

Yalibaki maswali mawili ambayo NSSF haiwezi kujibu: alikuwa na cheo gani, na nani atamsemea? Mwenye hoteli alirudi Italia. Simu ya mapokezi haipo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi anapoondoka, isipokuwa kama hakufikisha wiki 4 mfululizo. Cheti hicho kinataja mwajiri na anwani yake, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali pake, na tarehe ya mwisho. Barua ya sifa ni jambo jingine. Mwajiri halazimiki kuiandika, na huo ndio ugomvi ninaousikia mara nyingi, mtu anadai asichodaiwa na anasahau anachodaiwa. Machi 2020 hakuna aliyefikiria cheti. Kila mtu alikuwa anawaza unga.

Dada alitaka kumpigia mpishi mwenzake aseme yeye ndiye aliyekuwa meneja. Nikamkataza katakata. Kampuni za uhakiki haziridhiki na namba uliyowapa wewe. Hutafuta simu au barua pepe ya kampuni yenyewe, na humuuliza anayepokea cheo chake na alikuwa kazini tangu lini. Tukatafuta mhasibu wa zamani, ambaye bado yuko Malindi na ndiye aliyekuwa akitengeneza mishahara. Yeye alikuwa na mawasiliano ya mwenye hoteli. Mtaliano yule, na hapa namsifu, alituma barua yenye saini ndani ya siku mbili, ikataja tarehe, cheo na sababu ya kuondoka: hoteli ilifungwa. Kampuni yake ilikuwa bado inaonekana kwenye sajili ya makampuni, na jina lake liko kati ya wakurugenzi, kwa hiyo mhakiki aliweza kuthibitisha kwamba aliyeandika ana mamlaka ya kuandika. Mhasibu akawekwa kama mtu wa pili, kwa cheo chake halisi.

Sasa jibu lenyewe. Rasimu ya kwanza ya dada ilikuwa kurasa mbili, nusu yake malalamiko juu ya wakala. Tukaipunguza hadi ikabaki hivi:

“Tarehe sahihi ni ile niliyoijaza kwenye fomu: niliondoka Machi 2020 hoteli ilipofungwa. Tarehe ya Agosti 2021 haimo katika CV niliyompa wakala. Nimeambatisha barua pepe niliyomtumia pamoja na CV hiyo. Kati ya Aprili 2020 na Agosti 2021 nilijiajiri kwa kupika oda nyumbani. Nimeambatisha taarifa ya NSSF, barua ya mwajiri, taarifa ya M-Pesa ya kipindi hicho, na kiapo kuhusu majina yangu. Mei na Juni za kila mwaka zinaonekana tupu kwa sababu hoteli ilifungwa msimu wa mvua.”

Hakuna kuomba radhi kwa asichokifanya, wala tusi kwa wakala. Barua pepe ya awali yenye CV ya kweli ndiyo iliyombeba. Angekuwa amemkabidhi wakala nakala ya karatasi mkononi, ingekuwa neno lake dhidi ya neno la mwenye ofisi. Sehemu ya Mei na Juni haikuwa imeulizwa, na rafiki yangu mmoja wa kazi za uhakiki aliponisomea rasimu alisema tuitoe, tusiwape maswali mapya. Nilikataa. Taarifa ya NSSF tunaiambatisha wenyewe, na atakayeifungua ataona mapengo kabla ya kuona kitu kingine.

Hoteli ya Nairobi ilikaa kimya karibu wiki tatu. Chumba alichokuwa amekiona kikachukuliwa na mtu mwingine. Kisha wakampigia simu, wakamuuliza maswali yale yale kwa mdomo, wakathibitisha ofa kwa mshahara ule ule. Ningekuwa mimi kwenye ofisi yao, sina hakika ningefanya hivyo. Meneja mwenye haraka na waombaji wengine wawili mkononi angeweza kabisa kuandika “haikuthibitishwa” na kufunga faili, na dada asingekuwa na pa kulalamika.

Lilibaki la wakala. CV ile yenye tarehe ya uongo ilikuwa bado kwenye kompyuta yake, na kwa kuwa ina jina la dada, ingeendelea kuzunguka mahotelini bila yeye kujua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine, kutaka zisahihishwe zikiwa za uongo au za kupotosha, na kutaka zifutwe. Alimwandikia wakala akitaja sheria hiyo: afute CV aliyoibadilisha, na amtajie kila mwajiri aliyempelekea. Kanuni zinampa anayeombwa kufuta siku 14. Wakala alijibu kwa WhatsApp: “Sawa dada nimefuta, samahani kwa usumbufu.” Orodha ya waajiri hakuitoa.

Haukupita muda mrefu, hoteli ya Mombasa ikampigia simu kuhusu nafasi ya kazi. Wakamsifu kwa miaka minane mfululizo aliyokaa katika hoteli ya Malindi hadi Agosti 2021. Aliwasahihisha papo hapo, akawaomba wamtumie nakala ya walichokipokea. Walipomtumia, tarehe ya kupelekwa ilikuwa baada ya ile “nimefuta”. Nakala hiyo, pamoja na ujumbe wa WhatsApp, sasa iko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inamtaka ahitimishe lalamiko ndani ya siku 90.